Kadi ya Feni Tatu

Jumanne, 2 Septemba 2025

Imefika! Boksi kubwa kuliko nilivyofikiri. Karani wa mizigo pale kwenye mabasi aliniuliza kama ni jiko la umeme. Nikamwambia ni kifaa cha kazi, nikaondoka haraka. Mtu asiye na hatia angesimama akaeleza.

Kadi ya grafiki, ile inayoharakisha kazi za video ndani ya kompyuta. Ile ya juu kabisa, hakuna nyingine juu yake mwaka huu. Feni tatu. Nimeichomeka kwenye kompyuta ya studio ikaanza kuinama kwa uzito wake, nikaogopa itang'oa tundu. Nikatafuta cha kuitegemeza. Mwiko wa Alice umeingia sawasawa, kama uliochongwa kwa kazi hiyo. Alice ameutafuta jikoni jioni nzima. Nimemsaidia kuutafuta.

Bei siiandiki. Naandika hivi tu: vile vyumba viwili vya kupangisha tulivyoanza kujenga, kuta zimesimama, bado mabati. Basi kadi hii ni mabati, mbao, misumari na fundi wake. Mvua inanyesha ndani ya vyumba vya Alice, na mimi nina feni tatu.

Hata muuzaji wa Kampala alinionea huruma. Aliniuliza kwenye simu kazi yangu ni nini. Nikasema studio ya video, Arua, harusi na mazishi. Akanishauri nichukue ile ya katikati, theluthi ya bei, kwa harusi itanitosha mpaka nizeeke. Nikaona ananidharau. Mtu wa miaka hamsini na tatu, najua ninachotaka! Kumbe alikuwa mtu mwema tu.

Alice nilimwahidi kwamba kadi itajilipa yenyewe. Ndiyo sababu naandika haya kwa Kiswahili. Kilugbara anasoma, Kiingereza anasoma vizuri mno. Kiswahili cha kuandikwa kinamchosha.

Alhamisi, 4 Septemba

Leo nimeijaribu na harusi ya Ocama. Zamani kazi ya kutoa video ya harusi nzima ilikula mchana wote: unawasha, unakwenda kula, unarudi, unasinzia, bado. Leo nimewasha, nikatoka kununua muhogo wa kukaanga hapo nje – narudi, imekwisha! Muhogo bado wa moto.

Nimempigia Ocama kwa furaha. Anasema yuko Nebbi, atakuja mwisho wa mwezi akipata nafasi. Basi nimeokoa mchana mzima kwa ajili ya mtu atakayekuja baada ya wiki tatu.

Nimekaa nikafikiri. Nani hapa mjini anangoja video kwa haraka? Hakuna. Bibi harusi mwenyewe anaikumbuka akiwa tayari na mimba. Na umeme – kadi ikianza kazi kweli, betri ya akiba inalia kama mtoto aliyefinywa. Sola ndiyo haitaki hata kuisikia. Kwa hiyo kadi ya kifalme inangoja umeme wa nguzo, sawa na mashine ya kusaga unga.

Alice ameuliza inakwendaje. Nikasema inakwenda.

Nahitaji kazi. Kazi ambayo kadi ndogo isingeiweza. Moja tu, nimwonyeshe Alice.

Jumatatu, 8 Septemba

Imekuja yenyewe, ikiwa mkononi mwa Yengi.

Yengi ni Mkakwa wa Koboko, anauza vipuri vya pikipiki. Nilimpigia picha harusi ya binti yake, tangu hapo tunataniana. Ameingia akisema Mlugbara akikutajia bei, kata nusu, halafu jifanye unaondoka. Nikamwambia Mkakwa halipi hata hiyo nusu, analipa salamu. Tumecheka. Kisha akatoa mkanda wa video kwenye mfuko wa plastiki, akaushika kama mtu anayeshika yai.

Ni harusi ya binamu yake, mwaka 1998. Ndani yake, mahali fulani, mama yake anapita mbele ya kamera. Marehemu Celestina. Amebeba sinia, anamwona mpiga picha, anacheka, anamwambia neno, anapita. Basi. Baba Yetu ni ndefu kuliko hapo. Hakuna picha nyingine ya mama huyo, popote. Mwaka uliofuata alikufa.

Jumamosi hii wanafanya sala ya kumbukumbu kwao Midia, huko Koboko. Kaburi limejengewa. Na mdogo wa mwisho wa Yengi, Laurette, anakuja kutoka Ariwara, upande wa Kongo. Mama alipokufa alikuwa bado ananyonya, ndugu wa kule wakamchukua, wakamlea, wakampa na jina la Kifaransa. Sasa ana watoto wake. Sura ya mama yake haijui kabisa.

"Laurette iko naangalia kioo kila siku," Yengi akasema, "lakini hajui natafuta nani."

Ombi lake lilikuwa dogo. Niuhamishe mkanda kwenye flashi, nije na projekta, tuonyeshe ukutani. Akasema hata ikiwa na ukungu si kitu, tutamwona hivyo hivyo.

Nikamwambia angoje. Nikamwambia nina mashine mpya, Arua nzima hakuna. Nikamwambia nitamtoa mama yake kwenye ukungu kama aliyepigwa picha jana. Yengi akaniangalia, macho yakamlowa.

Mimi ndiye niliyesema. Hakuomba.

Jumatano, 10 Septemba

Hatimaye imetoa jasho!

Mkanda wenyewe mbaya. Mistari, chenga nyeupe, rangi imekimbia, uso wa mama wa watu kama uji. Deki yangu ya zamani iliutafuna mara mbili, nikausafisha, ukakubali. Halafu nikaipa kadi ile programu mpya ya kusafisha nyuso. Programu imefundishwa kwa nyuso za mamilioni ya watu, inajua uso unavyotakiwa kuwa, penye ukungu inajaza. Kadi ndogo isingeiweza, ingekufa. Hii yangu imenguruma tangu asubuhi, studio imekuwa tanuri, nimekaa kifua wazi nikiisikiliza kwa raha kama mtu anayesikiliza ng'ombe wake akila.

Mchana ikatoa. Mungu wangu. Kope zinahesabika! Ngozi laini, zile chenga za kwenye paji la uso zimefutika zote. Anageuka na sinia lake, anacheka, meno meupe mstari mzima.

Nilimwita Alice kutoka nyumbani aje aone. Akasimama mlangoni na kanga yake ya kazi, akatazama mpaka mwisho.

"Mzuri," akasema. "Anafanana na watangazaji wa televisheni."

Nikaichukua kuwa sifa. Nikamwonyesha mkanda ulivyokuwa, haraka haraka, ili aone tofauti. Hakutazama sana, alikuwa ameacha sufuria motoni. Lakini nimemwona akiitazama kadi kwa jicho jingine. Na mwiko akauona.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimerudi kutoka Midia, nimechoka, nimeshiba, nimesifiwa. Niandike kabla sijalala.

Watu wengi. Wa Koboko, wa Yei, wa Ariwara. Misa nje, kaburi jipya na saruji yake, mihogo shambani imesimama pande zote kama nayo imealikwa. Baada ya chakula tukafunga shuka jeupe kwenye ukuta wa nyumba, ndani ya turubai ili giza litoshe, jenereta ikawashwa. Nilikuwa na maiki. Najijua, nikishika maiki siachii. Nikawaambia kwamba Yengi aliniletea uji nikampikia mama. Wakacheka.

Kisha nikaonyesha.

Halafu vigelegele. Niliirudia polepole, nikaisimamisha pale anapocheka. Yengi akainama, mabega yakatikisika. Na Laurette – mwanamke mrefu, mpole, Kiswahili cha Kongo – akainuka, akaenda mpaka kwenye shuka, akaweka kiganja kwenye shavu la mama yake. Picha ikamwangukia mkononi, ikamwangukia usoni.

"Nafanana naye," akasema, kama anayeuliza. Watu wote wakaitikia, ndiyo, ndiyo, mnafanana.

Mbele kabisa, kwenye kiti cha plastiki, alikaa Mama Kiden. Dada mkubwa wa marehemu. Mzee sana, mwembamba kama wembe, mgongo wima. Akauliza kwa sauti: "Huyu nani?" Wakamwambia, Mama Mkubwa, ni Celestina. Akainama mbele, akatazama tena, muda.

"Huyu hapana Celestina," akasema. "Huyu mutu ingine."

Nikaona Laurette ameshusha mkono. Na mimi, maiki mkononi, nikaona nisaidie. Nikasema: "Mama, picha tumeshaiosha. Yamebaki macho yako tu."

Walicheka mpaka wengine wakapiga makofi. Mama Kiden akageuka, akawatazama waliokuwa wakicheka, kisha akajivutia kanga begani. Yengi alinipiga bega kunishukuru kwa kuokoa shughuli.

Laurette alinikumbatia wakati wa kuagana. Video ameiweka kwenye simu yake, na ule uso unaocheka ndio sasa unaotokea akifungua simu. Anasema watoto wake watajua bibi yao.

Siku njema. Utani ule ulikuwa mzuri.

Jumapili, 14 Septemba

Misa kanisani Ediofe, hapa Arua. Kwenye foleni ya komunyo bikizee mmoja mbele yangu alifungua mdomo. Meno ya chini, ya mbele, hakuna. Pengo safi la kizamani, la wale waliong'olewa utotoni kama desturi ya huku.

Nilipokea, nikatoka kabla ya baraka, nikaenda moja kwa moja studio.

Nimefungua mkanda wenyewe, ule mchafu. Nimeusimamisha pale anapocheka. Pengo lipo. Chenga za kwenye paji la uso si chenga. Ni chale, mistari ya vidoti, zimepangwa vizuri, mtu alikaa akazichanja kwa mkono uliotulia.

Programu imeona weusi mdomoni, ikajaza meno. Imeona chale, ikadhani uchafu, ikapangusa. Pua nayo imeichonga. Ilifundishwa nyuso za mamilioni, na katika mamilioni hayo hakuwamo mwanamke wa Midia wa zamani.

Na mimi? Mama yangu mwenyewe alikuwa na pengo hilo hilo. Nilikula mbele yake miaka yote ile. Nimetazama meno ya yule mwanamke nikasema mazuri!

Yule wa kwenye shuka hakuwahi kuzaliwa. Na macho ya Mama Kiden ni mazima.

Jumanne, 16 Septemba

Nilipanga kumpigia Yengi jana. Jana nilikuwa na kazi. Leo asubuhi vilevile nilipanga.

Badala yake amekuja Christophe, yule Mkongo wa vitenge sokoni. Video ya Laurette imeshatembea kwenye simu za watu, kutoka Koboko mpaka Ariwara na kurudi. Christophe ana picha ya marehemu baba yake, imeliwa na mchwa pembeni, anataka aoshwe. Nimemuuliza kama mzee alikuwa na chale, pengo, alama yoyote. Hakuwa nazo. Nimemuuliza tena. Akashangaa, akasema hapana, baba alikuwa mutu wa misheni. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini: "Unaweza ongeza yeye tumbo kidogo? Alikuwa mutu mukubwa." Nimecheka. Kicheko kilikatikia katikati.

Baada yake wamekuja wengine. Wote wana wafu wao, kwenye bahasha, kwenye simu, mmoja kwenye kitambulisho cha zamani. Wote wanataka kuoshewa, na wanalipa bila kuvutana. Kwa mara ya kwanza kadi inafanya kile nilichomwahidi Alice.

Naye ameona. Jioni ameniwekea nyama, akakaa karibu yangu.

"Baba Asiku," akasema, "nilikukosea kuhusu ile kadi."

Maneno hayo nimeyangoja katika ndoa hii tangu nina nywele kichwani. Leo yamenikwama kama mfupa wa samaki. Ameshaongea na fundi wa mabati, anakuja Jumatatu.

Nilisema asante. Nikala nyama yote.

Nikimwambia Yengi, habari itatembea kama ile video ilivyotembea. Nani atamleta baba yake aoshwe kwa mtu aliyempa Yengi mama asiye wake? Nikinyamaza, kadi imejilipa. Hivyo ndivyo ilivyo, nimeshaandika.

Alhamisi, 18 Septemba

Yengi amepiga. Nikadhani wamejua.

Hawajui. Kwanza habari njema: wameagiza kigae cha kaburi, chenye picha, kule Arua Hill kuna mtu anayevichoma. Picha ni ile yangu. Meno yote. Laurette analipia yeye mwenyewe. Anarudi Ariwara Jumapili, amesema haondoki mpaka kigae kikae.

Kisha akashusha sauti. Mama Mkubwa hayuko sawa. Tangu Laurette alipofika, siku chache kabla ya sala, kila jioni bikizee alikuwa akimkalisha na kumhadithia habari za mama yake: alivyokuwa mkaidi, alivyotembea, alivyopika. Laurette alikuwa anakunywa maneno hayo kama maji. Tangu Jumamosi, hakuna. Laurette akimwomba, anasema amesahau. Hakasiriki, hanuni, anakula kama kawaida. Anasema tu, mimi nimesahau.

Jana Yengi alimbana. Akamjibu: "Kama ile iko Celestina, basi mimi hapana jua dada yangu."

Yengi anasema ni uzee, macho na kichwa vinakwenda pamoja. Anataka kumleta Arua, apimwe macho. Akaniuliza kama namjua daktari mzuri.

Nilikuwa na nafasi hapo. Simu sikioni, mtu ananiuliza swali, jibu linajulikana.

Nikampa jina la daktari. Nikampa na namba yake.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimeamka nikiwa na hila. Nikasema kadi iliharibu, kadi itengeneze. Nikimrudisha na pengo lake na chale zake, lakini bila ukungu, nitapeleka kama toleo jipya, bora zaidi, hakuna atakayeuliza kitu.

Nimefunga studio. Nimewarudisha wateja mlangoni. Nikapunguza nguvu ya programu: ikatoa mwanamke mwenye nusu ya meno. Nikapunguza tena: jino moja la dhahabu! Nikaongeza huku, nikatoa kule: chale zikawa makunyanzi, akawa bibi wa Kizungu aliyechomwa na jua. Kila nikigusa, anakuja mwanamke mwingine, anacheka, anapita na sinia. Sijui nimewaalika wangapi humu ndani leo. Celestina hajaja.

Pesa yote ile. Ina nguvu ya kuumba mtu, haina ya kumwacha alivyo.

Alice akaja na chakula, akakuta nimeshika kichwa. Nikamwambia. Yote, mpaka utani wa kwenye maiki, mpaka namba ya daktari. Nilipofika kwenye daktari akaweka sahani chini.

Hakunigombeza. Ningependa anigombeze, najua namna ya kuchekesha mtu anayegomba. Akaomba kuona mkanda wenyewe, bila haraka safari hii. Nikamwekea. Mistari, chenga, uji. Akaomba tena.

"Huyu ndiye mtu," akasema. "Ona anavyomtania mpiga picha."

Kweli. Kwenye ile iliyooshwa anacheka tu, kama tangazo la dawa ya meno. Hapa anamcheka mtu fulani. Sikuwa nimeliona.

Nikamuuliza, na fundi wa mabati je? Na hawa wenye bahasha? Maana tukifungua mdomo...

"Nenda Koboko kesho," Alice akasema. Akachukua sahani, akaenda. Mlangoni akageuka akasema mwiko wake niuache hapo hapo, ameshanunua mwingine.

Jumamosi, 20 Septemba

Midia. Naandika nikiwa kwenye benchi, nje ya nyumba ya Mama Kiden. Nimekuja na daftari hili mfukoni kwa sababu mikono inahitaji kitu.

Nimefika mchana. Yengi alinipokea kwa shangwe, akadhani nimeleta kigae. Kumbe kigae bado kinachomwa. Nikamvuta pembeni, kwenye mihogo, nikamweleza. Nilianza kwa mzaha mdogo, ulimi umezoea, nikajikamata. Nikasema wazi: ile video si mama yako. Mashine ilibuni uso, mimi nikausifia. Mama Mkubwa alisema kweli, nami nikamfanya achekwe.

Nilingoja anipige. Yengi alichuma jani la muhogo, akalikunjakunja muda mrefu.

Akaniuliza, Laurette anajua? Nikasema bado. Akasema basi asijue. Kesho anaondoka, amefurahi, tangu azaliwe hajawa na furaha hii. "Yeye imepata mama sasa, Drani. Wewe nataka kunyang'anya?"

Njia nzima kutoka Arua nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, si kwa hili. Ningeweza kukubali. Kwa kweli nilikaribia. Ingekuwa huruma, na mabati juu yake.

Nikamuuliza, na Mama Kiden? Akatazama chini. Akasema yeye ni mzee, hana muda mrefu. Kisha naye akasikia alichosema, akalitupa lile jani.

Laurette alikuwa amesimama nyuma yetu. Sijui tangu lini. Alikuwa anatoka kisimani, dumu mkononi. Akaliweka chini, akanyoosha mkono kwangu. Nikatoa simu, nikafungua mkanda wenyewe, nikampa.

Akatazama akiwa amesimama. Jua kali, akaifunika simu kwa kiganja. Nilitaka kueleza, hapa ni ukungu wa mkanda, hapa ni chale, lakini uso wake ulinizuia. Ikaisha. Akatoa simu yake, akaiwasha, ule uso mwingine ukatokea. Akaziweka pamoja, moja kila mkono.

"Huyu wa meno," akasema, "watoto wangu nishawafundisha kumuita nkoko." Yaani bibi.

Nikasema nisamehe, mwanangu. Nikasema nataka kuingia kwa Mama Kiden nimwombe radhi mbele ya watu wa nyumba. Akatikisa kichwa.

"Ngoja hapa inje, baba."

Akaingia na simu yangu. Akafunga mlango.

Basi nimekaa. Yengi ameniletea chai ya maziwa, amekaa upande wa pili wa benchi, hanitazami. Ndani kulikuwa kimya, kisha ngoma za ile harusi, zinakwaruza, kisha zikakatika. Nilijiambia hata macho mazima hayawezi kumwona mtu kwenye uji ule. Nilijiambia nimemvuruga zaidi.

Halafu sauti ya Mama Kiden. Kikakwa. Chini kwanza, kisha ikapata nguvu, ikaenda, ikaenda, kama mtu aliyeulizwa njia ya nyumbani kwake. Kikakwa changu ni cha kununulia nyanya. Nikamuuliza Yengi anasema nini.

Alikuwa amegeuza sikio mlangoni.

Anasema habari za meno, akaniambia. Nani aliwang'oa, yeye na Celestina, siku moja. Yeye Kiden alilia. Celestina alikataa kulia, akamtemea yule mng'oaji damu mguuni. Na mpiga picha kwenye ile harusi alikuwa mtoto wa mng'oaji huyo, ndiyo maana anamcheka.

Ngoma zimeanza tena. Wameirudisha mwanzo. Mama Kiden anasema juu ya ngoma, haraka sasa, na kuna mahali amecheka, kicheko kikavu kifupi.

Laurette ameuliza kitu. Maneno machache tu, kwa sauti ile ile aliyoitumia mbele ya shuka alipouliza kama wanafanana. Wameisimamisha.

Nimemuuliza Yengi, Laurette kasema nini?

Ameacha kutafsiri. Ananiambia ninywe chai, inapoa.